Kawaida, Kawaida, Kawaida

Muuguzi wa lishe alinipa kazi ndogo tu: nichukue daftari, nichore safu tatu. Ya kwanza saa, ya pili nilichokula, ya tatu nilivyokuwa najisikia kabla sijala. Wiki mbili, halafu nirudi. Sukari yangu ya asubuhi, kabla ya kutia kitu mdomoni, ilisoma 6.6. "Ikifika 7 na kipimo cha pili kikakubali, tunakuandikisha kliniki ya kisukari," alisema. "Sasa hivi uko barazani. Mlango uko wazi, ila hujaingia ndani."

Mimi ni karani kwa wakala wa forodha; kujaza safu ndiko kunakonilisha. Nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula, nikajaza kila siku bila kuruka. Siku ya kurudi nilikuwa najisifu moyoni kama mtoto anayepeleka hesabu zikasahihishwe.

Akapitisha kidole kwenye safu ya tatu, akawa anasoma kwa sauti. "Kawaida. Kawaida. Kawaida. Njaa. Kawaida. Freshi. Kawaida." Akafunua ukurasa. "Kawaida. Kawaida." Akaliweka daftari mezani. "Kaka yangu, siku 14 zote hizi hakuna kitu ulichohisi?"

Sikuwa namficha. Swali lenyewe ndilo sikulielewa.

Sisi tumelelewa na salamu. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Za kazi? Tunamshukuru Mungu. Mtu ametoka kuzika, macho yamemvimba, ukimuuliza habari atakwambia, "Nzuri kidogo, ila tumefiwa." Kwanza nzuri, msiba baadaye. Sisemi ni vibaya. Ni adabu, na imewavusha watu wengi siku ngumu. Ila mimi nilikuwa na miaka 43, nimeulizwa habari yangu mara kumi kwa siku tangu nijue kusema, na kila mara nimetoa jibu lililokuwa tayari mdomoni. Mpaka likazoea kukaa hapo peke yake.

Muuguzi hakunihubiria. Alisema kwa sasa nisibadilishe chakula. Nibadilishe kitu kimoja: nile bila simu, na neno likinikwama kwenye safu ya tatu niandike mwili unasemaje. Taya, koo, mabega, tumbo, mikono. "Mwili haujui kusema kawaida," aliniambia.

Nikatoka pale naona haya ni mambo ya watu wenye nafasi.

Kwenye kituo ninaposhukia, kule Mbagala, kuna kibanda cha chipsi. Kijana wake alinizoea kiasi kwamba akiniona nashuka kwenye daladala anagonga mayai mawili kabla sijafungua mdomo. Zege, kachumbari nyingi, pilipili kwa mbali, soda baridi. Nilikula pale karibu kila siku ya kazi, saa mbili na nusu usiku, simu mkono wa kushoto, kijiti mkono wa kulia. Nikifika nyumbani nakuta chakula kimefunikwa, nakula nacho, maana mke akipika ukaacha, huwezi kulala kwa amani. Kwenye daftari, ile sahani ya zege nilikuwa nimeiandika "kitafunwa".

Usiku wa tatu baada ya kliniki simu ilizima, na umeme nao ulikuwa umekatika mtaa mzima. Kijana alikuwa anakaanga kwa tochi aliyoiegemeza kwenye chupa ya siki. Sikuwa na cha kuangalia, nikaiangalia sahani. Yai lilikuwa limekauka pembeni, katikati bado laini, mafuta yanang'aa, nyanya imeanza kutoa maji yanayochuruzika chini ya viazi. Nikachoma kipande cha kwanza. Kitamu: chumvi, moto, lile yai lililoshika ukingoni mwa kiazi. Cha pili kitamu. Cha tatu kitamu kidogo. Cha nne mdomo ulikuwa unatafuna lakini ladha imeshaondoka zake, na mkono ulishaanza safari ya kufuata cha tano bila kuniuliza.

Ndipo nikakumbuka. Mwili unasemaje? Taya zilikuwa zimekaza kama nimeuma kitambaa. Mabega yamepanda hadi karibu na masikio. Na tumbo, hili ndilo lililonishangaza, halikuwa na njaa hata kidogo. Saa nane mchana nilikula wali maharage kwa mama lishe, sahani imejaa hadi ukingoni.

Kama sina njaa, nafanya nini hapa?

Jibu halikupiga hodi. Nangoja saa tatu ifike. Saa tatu ndiyo saa ambayo baba yangu anakuwa ameshalishwa, ameshaogeshwa, na amelazwa.

Baba alipata kiharusi mwaka 2022. Upande wa kulia ukalala, mkono na mguu, na maneno yakapotea. Anaelewa kila unachomwambia, lakini akitaka kusema "maji" linatoka neno jingine, au halitoki kabisa. Tukamleta kwetu. Kumuogesha ni kazi ya mdogo wangu, maana mkwe hawezi kumuogesha mkwewe. Kumlisha akachukua mke wangu. Mimi nikawa mleta pesa: pampasi, dawa, nauli ya kwenda kwenye mazoezi ya viungo. Mgawanyo ulionekana wa haki, na hakuna aliyewahi kunilaumu. Huyu mzee amekuwa kuli bandarini maisha yake yote, amebeba magunia ya sukari mpaka mabega yakaota sugu. Pale kwenye benchi gizani, kijiti mkononi, ndipo nilipojua kwamba naogopa kumuona akifunguliwa mdomo kwa kijiko.

Nilipofika nyumbani niliandika: "Saa 2:40. Chipsi zege. Taya zimekaza. Sina njaa. Naogopa kufika nyumbani." Kisha nikalisukuma daftari chini kabisa ya begi la kazi kama barua ya mchepuko.

Ilinichukua siku nne kumwambia mke wangu kwamba jioni ile nitamlisha baba mimi. Hakuuliza kwa nini. Alinisogezea kigoda, akasema, "Kaa. Usimharakishe tu."

Kumlisha mtu wa kiharusi kuna utaratibu wake, na wodini waliwafundisha wenzangu wakati mimi niko kazini. Mkalishe wima, mto mgongoni, kidevu kishuke kidogo. Uji uwe mzito, maana kitu chepesi kinakimbilia njia ya hewa. Kijiko cha chai, si cha kulia wali. Ukishamtilia, unatulia, unatazama kikoromeo: kipande, kishuke. Unaangalia shavu la upande uliolala kama hakuna kilichobaki. Ndipo kijiko cha pili. Televisheni izimwe, usimsemeshe akiwa na kitu mdomoni. Akimaliza abaki amekaa nusu saa.

Bakuli moja lilichukua dakika 40. Niliangalia saa ya ukutani, kwa sababu nilikuwa naona aibu kumwangalia yeye. Wali wa mama lishe mimi naumaliza kwa dakika sita.

Na kasi hiyo nimerithi. Nimekulia kwenye sinia moja, watoto saba, na kwenye sinia la watoto saba anayepulizia tonge lipoe anakuta mchuzi umeshakauka. Baba mwenyewe alikula mbiombio, bandarini mapumziko ni mafupi, na akituona tunazubaa alitucheka: "Unakula au unahesabu punje?" Sasa mimi nilikuwa nahesabu vijiko vyake.

Jioni ya tatu nikaja na sahani yangu, kwa sababu kusema kweli dakika 40 za kuangalia mtu anakula zinatia njaa. Kijiko kwake, tonge kwangu. Sichukui la pili mpaka koo lake lishuke. Sikuwa nimepanga kitu. Lakini ukikaa baina ya tonge na tonge huna simu, huna stori, huna pa kukimbilia, kuna mambo yanakuja kukaa na wewe.

Kilichotangulia ni hasira. Nilikuja kuitambua mkononi: tonge la ugali nilikuwa nimelibana mpaka likatoka kati ya vidole. Hasira ya nani? Nikalitazama lile tonge kama litanijibu. Ilikuwa ya kaka yetu mkubwa aliye ng'ambo, anayetutumia ujumbe wa sauti wa kututia moyo kila Ijumaa na hajawahi kutuma shilingi. Nilikuwa nazisikiliza zile sauti zote na kujibu "Ahsante bro, tuko pamoja", huku nakula. Daima huku nakula.

Siku nyingine ilikuwa tofauti kabisa, chakula kizuri, samaki wa kupaka, na hakipiti. Tonge linafika kooni linasimama. Ile nilidhani ni tezi. Kumbe siku ile mchana nilikuwa nimepita karibu na lango la bandari, pale baba alipokuwa akinisubiri nikiwa mdogo.

Safu ya tatu ikaanza kudai maneno, na hapo nikagundua kwamba maneno ninayo. Nilikuwa nimeyasikia kwa bibi na kwenye taarabu, ila sikuwahi kuyatumia kwa ajili yangu, nilidhani ni ya kwenye mashairi. Nikaazima kamusi ya shule ya binti yangu. Dukuduku ni jambo linalotaka kusemwa na halijasemwa. Langu linakaa kooni, nikiwa nalo nakohoa kidogo kabla ya kula. Kinyongo kimeshakata tamaa ya kusemwa, kimeshuka kikaweka makazi; nikiwa nacho nataka chumvi na pilipili, nataka kitu kinachouma. Wahka ni ule wa asubuhi meli ikiwa imefunga gati na karatasi za mteja hazijakamilika. Chai inapita ya moto na nagundua nimeungua ulimi saa nne baadaye. Kimuhemuhe si wahka, ingawa tumbo linacheza vilevile. Ukiwa unanifanya nitake vitu vitamu, na usiku. Sisemi ramani hii ni ya kila mtu. Mke wangu akiwa na wahka hagusi chakula kabisa, anaosha vyombo visivyo vichafu.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba wenzetu wameifanya hii kuwa somo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha programu kwenye kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu ya muda mrefu na msongo, na zoezi lake linalojulikana ni kula zabibu moja: unaishika, unaiangalia mikunjo, unainusa, unaiweka kwenye ulimi bila kuiuma, na ndipo unatafuna. Zabibu moja dakika kadhaa. Nilicheka, halafu nikajaribu kwa tende. Kila mfungaji anaijua ile tende ya kwanza ya magharibi, jinsi ulimi unavyoamka. Shida yangu haikuwa tende ya kwanza. Ilikuwa kachori ya sita, ile inayoliwa mdomo upo na akili haipo.

Nilisoma pia kwamba taarifa ya shibe kutoka tumboni hadi kwenye ubongo inachukua kama dakika 20, kwa hiyo mtu wa dakika sita kama mimi anaongeza sahani wakati barua bado iko njiani. Na kwamba mwili uliokaa kwenye msongo muda mrefu unatoa homoni ya kotisoli, ambayo inamvuta mtu kwenye mafuta na sukari. Hilo liliniondolea mzigo fulani. Miaka yote nilidhani mimi ni mlafi tu.

Kuna hadithi ya Mtume, aliyoipokea Miqdam bin Ma'dikarib, ambayo mashekhe wetu huirudia kila Ramadhani ikikaribia: theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji, theluthi kwa pumzi. Nimeisikia tangu madrasa na nikaielewa kama hesabu ya ujazo, kama ya kontena. Ile theluthi ya pumzi sikuwahi kujiuliza ni ya nini. Siku hizi ndiyo ninayoitafuta kwanza. Nikiweka mkono juu ya sahani na nikaona pumzi inaishia kifuani, haishuki, najua kuna mgeni, nimsikilize kabla sijamfukia wali.

Niseme na hili. Nilimweleza dada mmoja ofisini habari za daftari akavutiwa mno, akaanza lake. Ndani ya mwezi alikuwa anaogopa kila tonge, anaandika kila punje, anaruka milo. Kumbe ugomvi wake na chakula ni wa tangu usichana, na daftari lilikuwa linampa fimbo. Alihitaji daktari, na ameshampata. Tangu hapo simpigii mtu debe.

Sukari? Baada ya miezi mitatu ilisoma 6.2. Bado niko barazani, nimesogeza kiti tu. Chipsi nakula, Ijumaa, nimekaa, na mara nyingine zinabaki. Kijana wa kibanda alichukia mwanzoni, alidhani nimepata kwingine.

Muuguzi alipolisoma daftari mara ya pili alisimama mahali pamoja. Yeye ni mtu wa Kagera. "Hili neno nini? Soni?" Nikamwambia ni aibu, lakini ile ya ndani, ya mtu kushindwa kujionyesha. "Umeliandika mara nyingi," akasema. Kweli, nilikuwa nimeliandika mara nyingi, na nilidhani lote ni langu.

Kwa sababu kuna jambo la baba nililochelewa kuliona. Nikiwa naye peke yetu anamaliza bakuli. Watoto wakiingia, au jirani akija kumjulia hali, anafunga mdomo. Tulikuwa tunasema "ameshiba huyo", tunaondoa vyombo. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameshatuambia mkono wa kushoto una nguvu za kutosha, tumwachie ajilishe mwenyewe, itamsaidia. Tukimpa kijiko anauficha mkono chini ya shuka. Tulidhani ni ukaidi wa uzee.

Jioni moja aliingia shemeji yangu kumsalimia, na kwa kuwa nilikuwa nimezoea kutazama koo lake, nikaziona taya zake. Zilikaza. Bega la kushoto likapanda. Nilizitambua, zilikuwa zangu, za kwenye benchi la chipsi. Mzee huyu maisha yake yote ametufinya masikio tukigusa chakula kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ni wa chooni. Leo ndio pekee aliobaki nao, na tunamwambia ale nao mbele ya watu.

Nilingoja mgeni aondoke. Nikamwambia, "Baba, nimemuuliza shekhe. Mwenye udhuru hana lawama. Mkono huo huo Mungu amekuachia." Akaangalia ukutani. Nikajaribu tena, safari hii si kwa fatwa. Nikamwambia mimi nilikuwa nakaa kituoni kila usiku nakula chipsi ili nifike amelala. Nikamwambia nilikuwa naona soni. "Na wewe, baba, ni soni?"

Akanigeukia. Akatingisha kichwa, ndiyo. Kisha akataka kulisema lile neno mwenyewe, na nikaona mdomo unahangaika, upande mmoja unavuta na mwingine haufuati. Nikangoja kama ninavyongoja koo lishuke.

"Sa..." akasema. "Sabu... Sabuni."

Akajisikia alichosema. Akaanza kucheka, nusu ya uso, machozi yanamtoka, na mimi nikashindwa kujizuia. Tukacheka mpaka uji ukapoa. Akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka, akachukua kipande cha mkate, akakichovya kwenye uji, akakiacha kilowe, akakila. Kikoromeo kikapanda, kikashuka.

Mke wangu akaita kutoka jikoni: "Sabuni iko dirishani! Nani anaitaka?"